Kungwi wa Simu

Ilianza Jumapili, saa kumi kasoro robo alasiri, Mama alipompelekea Kungwi simu barazani kama mtu anayempelekea fundi saa iliyosimama. "Hebu nisikilizie hiki anachokitazama mwanangu," akamwambia. "Ni watu wanacheza magemu, wanajirekodi, halafu watoto wanakaa kuwatazama. Kinafaa au hakifai?"

Mtu mwingine angesema sijui. Kungwi sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo, na nyumba yake na yetu zinagawana ukuta wa uani tangu sijajua kutembea. Alisogeza tambuu kutoka shavu moja kwenda la pili, akaipokea simu kwa vidole viwili, akailaza kifudifudi juu ya kanga yake, kioo chini.

"Sasa utaonaje, Bibi?" Mama akauliza.

"Jicho linahongeka," akasema. "Sikio halili rushwa. Nyamazeni."

Tukanyamaza, na mtaa wetu ukapata hakimu wa magemu: mwanamke ambaye simu yake mwenyewe ni ya vitufe, imefungwa raba ili betri isidondoke, na ikiita inalia kaswida mpaka wanaoswali nyumba ya tatu wanakosea rakaa.

Jina lake analo, tena zuri, ila hakuna anayelitumia. Mbele yake tunamwita Bibi, nyuma yake Kungwi, na yeye majina yote mawili anayasikia. Kazi yake ni kuwafunda wasichana wanapovunja ungo na wanapokaribia kuolewa. Anawafungia chumbani, anawaambia ya kuambiwa, na wakitoka wanatembea polepole kama waliobeba mayai kichwani. Anaalikwa Mlingotini, anaalikwa Mbegani, mara nyingine gari linatumwa kutoka Dar kumchukua. Kwa kifupi, maisha yake yote ni mambo yasiyofaa watoto. Ndiye huyo kina mama wa Bagamoyo waliyeona aseme yapi yanafaa watoto. Nilicheka sana, moyoni. Mimi hucheka moyoni.

Nina aibu, niseme mapema. Si ile aibu inayosifiwa harusini, "tazama mtoto anavyoinamisha macho." Yangu ni ya kuzunguka nyuma ya nyumba ili nisikutane na shikamoo za barazani. Kidato cha tatu nimefika, na mwalimu wa Kiingereza bado anadhani mimi ni mgeni. Kungwi aliligundua hilo zamani, akanipa jina la Bubu, na kwa huruma zake akanipa na kazi: kumshikia simu. Yeye hakuigusa zaidi ya vidole viwili. Alisema kioo kinamsisimua.

Kwa nini Mama alitaka hukumu? Kwa sababu ya mdogo wangu, Nasra, wa miaka sita. Alasiri Mama yuko kwenye cherehani chumba cha mbele, anashona magauni ya watu wasio na subira. Nasra yuko na simu kuukuu ya Baba. Mimi niko chumbani na ukimya wangu, nasoma, au naandika haya. Ilikuwa familia yenye amani kubwa iliyotegemea bando. Chaneli ikikataliwa, Nasra atahitaji mtu wa kukaa naye kila alasiri, na si vigumu kukisia ni nani asiye na la kufanya. Kwa hiyo siku ile nilikuwa shabiki. Nilitaka Kungwi aseme kinafaa.

Aliyehukumiwa kwanza ni kijana wa gemu la basi. Anaendesha, anazungumza taratibu, anapiga honi kwenye kona. Tulisikiliza, simu ikiwa kifudifudi, mpaka ikasikika puu! Kungwi akainua kidole. Kijana akasema, "Aisee, samahani sana, ndugu yangu."

"Kasimama?" Kungwi akaniuliza, maana niliruhusiwa kuchungulia.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kichwa hakina sauti, Bubu."

"Kasimama, Bibi."

"Kagonga na hakucheka. Huyo kalelewa. Mtoto atazame." Kisha akamgeukia Mama. "Mchezo ni mchezo, watu watagongana na watapigana, hata sisi tulikuwa tunapigana na magunzi. Wewe sikiliza mtu akianguka, yule mwenye kusimulia anafanya nini. Akicheka kilio cha mwenzake, mwanao naye atacheka chako."

Baada ya hapo kina mama wakaanza kuja. Mama Swaumu, jirani wa upande wa pili, alikuja na simu mkono mmoja na mtoto mkono wa pili, anahema kana kwamba foleni imejaa. Chaneli yake ilikuwa ya dada mmoja anayecheza gemu la kupika. Dada mpole, sauti kama asali, watoto anawaita wapenzi wangu. Nilijua amepita. Kungwi akaniuliza anafanya nini sasa, nikamwambia anaonja mchuzi.

"Kwa kijiko gani?"

"Hicho hicho anachokorogea, Bibi."

"Toa."

"Bibi, si mchezo tu?" Mama Swaumu akajitetea.

"Uchafu hauna mchezo."

Ndivyo Swaumu wa miaka minne alivyonyang'anywa mchezo kwa kosa la mwiko. Wiki ile ile kijana anayejenga kasri kwa matofali ya rangi, kazi nzuri ambayo hata mimi niliiangalia mpaka mwisho, alikataliwa kwa sababu vyumba vyote vile havikuwa na choo. "Wageni wake wanakwenda wapi?" Kungwi akauliza. Bakora zake ziliwaangukia wema na wabaya kwa usawa kabisa, na hiyo nayo ni haki ya aina yake.

Lakini kuna siku alisema maneno yaliyonifanya niache kucheka, hata moyoni. Mama Swaumu alirudi na chaneli mpya, akataka kuiwasha. Kungwi akamzuia. "Usiniletee mtoto anayetazama. Mtoto anayetazama ni mzuri kila siku. Niletee aliyezimiwa." Wakamzimia Swaumu pale pale. Alinuna, akafuta kamasi kwa mkono, akaenda kumfukuza kuku. "Huyo mzima," Kungwi akasema. Siku nyingine akaletwa mtoto wa mtaa wa nyuma, akazimiwa, akamng'ata mamaye kidole. Kungwi alikitazama kile kidole kwa muda. "Huyu hatazami simu tena," akasema. "Simu ndiyo inamtazama yeye."

Na kulikuwa na lile jambo la mgeni. Chaneli ikisikilizwa na kupita, Kungwi hakuruhusu izimwe. Aliiacha simu imelala mpaka video iishe na nyingine ijilete yenyewe. "Sasa tumwone rafiki yake," alisema. "Mgeni wako akiondoka ameacha mlango wazi na anamwita mwenzake aingie, jua umevamiwa." Chaneli nyingi nzuri ziliangukia hapo. Video ya tatu au ya nne, tayari kuna mtu anapiga mayowe.

Nilimheshimu kwa hilo. Nasema nilimheshimu kwa sababu kanuni hiyo aliitumia kwa kila mtu isipokuwa dereva wake.

Maana yule kijana wa basi alikuwa amemteka. Kila alasiri baada ya swala: "Bubu! Niletee dereva wangu." Hapo kioo hakikulazwa kifudifudi, wala hakikumsisimua. Alimtazama wazi wazi, miguu imenyooshwa, Nasra kaegemea paja lake, kashata katikati yao. Alimwambia Nasra peremende zinaoza meno, akampa kashata. Alipiga marufuku simu mtaa mzima, halafu akawa wa kwanza kununa bando likikata kwenye mlima.

"Hapa Ubena," alisema siku moja, basi likipita kwenye nyumba za mabati na migomba. "Sasa hivi tunaiona Chalinze."

Mabango ya barabarani yalikuwa na lugha isiyo yetu, na barabara ilijaa pikipiki elfu moja zenye abiria waliovaa kofia za ukili. Gemu lile limetengenezwa mbali, vijana wanalipaka tu rangi za mabasi yetu.

"Ubena ile, au mimi mwongo?" akanisukuma kwa kiwiko.

"Ubena, Bibi," nikasema. Ningefanyaje?

"Nimeolewa Ubena mimi. Hapo kushoto pana mama alikuwa anauza mahindi ya kuchoma." Na akamtafuta yule mama, kwa macho, mpaka basi likapita.

Akishamtafuta, alilala. Huo ndio uliokuwa utaratibu: Kungwi anakoroma, simu iko wazi, Nasra macho makavu, na mimi nimeshakimbilia ukimya wangu nikijua mtoto yuko kwa hakimu mwenyewe. Video ya basi inaisha, inakuja nyingine, inakuja nyingine. Mlango ulikuwa wazi, na mwenye mlango alikuwa ndotoni, yuko Chalinze.

Hivyo ndivyo Anko, mwenye chaneli nyingine ya magemu, alivyoingia.

Tulianza kumsikia mdomoni mwa Nasra kabla hatujamwona. "Oya, wanangu wa nguvu!" Nasra akamwambia Babu wa dukani, aliyekuwa anasubiri shikamoo. Baadaye akaanza kukataa kwenda chooni peke yake, choo cha uani, mchana kweupe. Kisha akawa haendi kabisa, na mashuka yakaanza kuanikwa kila asubuhi. Mama alikasirika, kisha akaacha kukasirika, akawa anamtazama tu huku pini ziko mdomoni.

Alhamisi Mama akamwita Kungwi kuvuka ukuta. Nasra alikuwa kajikunja kona ya chumba, simu imeegemea magoti. Mama akanyoosha mkono kuichukua.

"Usizime!" Nasra akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. "Usizime, Mama! Nimebaki na roho mbili tu!"

Kungwi akaweka mkono kifuani.

"Kasema roho ngapi?"

"Mbili," Mama akanong'ona.

"Lahaula. Mtu ana roho moja, Mama Nasra. Ya pili ni ya nani?"

Basi ikawa hivyo. Mtoto ana kitu. Mtoto ana mgeni, na wala si mgeni wa kwenye simu, bali wale wageni wanaotolewa kwa kisomo na ubani. Jioni ile ile ikapigwa simu kwa ustadhi wa Mlingotini, akatupangia Jumapili asubuhi. Marashi yakanunuliwa. Nasra akatazama chupa ya marashi, akatazama nyuso zetu, akajikojolea pale pale aliposimama.

Mimi nilijua, au nilidhani najua. Roho ni lugha ya magemu: unapewa kadhaa, ukifa moja inakatwa, unaanza tena. Kila mtoto wa mtaa huu anasema "nimebaki na roho mbili" kama anavyosema nimebaki na maandazi mawili. Ila nani angesimama katikati ya chumba kumwambia Kungwi kwamba amemchanganya jini na mchezo? Bubu? Nilishika ile chupa ya marashi kama nilivyoambiwa, nikaiweka kabatini.

Ijumaa nzima nilimtazama Nasra akihesabu vidole vyake. Viwili. Anavikunja, anavikunjua, viwili. Jumamosi alasiri nikaenda. Sikuzunguka nyuma.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo umekuja kwa mlango wa mbele. Nani kafa?"

"Hakuna, Bibi."

"Basi sema, kabla hujajuta."

Maneno niliyapanga usiku kucha, mazuri, yenye heshima, yanaanza na samahani na kuishia na samahani. Yakanipotea yote. "Roho za Nasra ni za gemu," nikasema. "Mtu anapewa roho, akifa anaanza tena. Si jini, Bibi. Watoto wote wanasema hivyo."

Nilingoja ukuta uniangukie. Kungwi akatema tambuu kwenye kopo la maziwa ya unga, akafuta midomo kwa pembe ya kanga.

"Hilo wewe unalijua."

"Ndiyo, Bibi."

"Na Nasra analijua?"

Nikageuka kuutazama ukuta wa uani, upande aliko Nasra.

"Mwite," akasema.

Hakumuuliza kitu. Ningekuwa mimi, ningemuuliza maswali ishirini. Kungwi alimwingiza chumbani mwake, kile chumba chenyewe, ambacho wasichana huingia wakiwa wanatetemeka, akaurudisha mlango, akaniacha nikae kizingitini. Akamwinamia Nasra. "Nikupe siri yangu? Mimi naogopa chura. Nikimwona chura namwita mtu. Mzee mzima hivi." Nasra akacheka, kicheko kidogo chenye vumbi, kama kitu kilichokuwa kimefungiwa sandukuni. Kisha akaitoa yake.

Anko amewapa watoto wote wanaomtazama roho tano. Tano kila mmoja. Ukizima video kabla haijaisha, inakatwa moja. Ukimwambia mama, inakatwa moja. Zikiisha, Mtu wa Maji anakuja kukuchukua, na njia yake ni tundu la choo.

"Moja ilikatwa bando lilipoisha," Nasra akasema, anahesabu. "Moja Mama alipochukua simu ampigie mteja. Moja nililala. Mimi sikutaka kulala, Bibi." Akakunja kidole kingine. "Na sasa nimesema. Nimebaki na moja."

Mtoto wa miaka sita alikuwa anaishi na sisi nyumba moja, anakula mezani kwetu, huku anasubiri kufa kwa sababu ya bando. Na sisi tulikuwa tumemnunulia marashi.

Kungwi akachukua kiganja cha Nasra akakiweka kifuani mwa Nasra mwenyewe. "Sikiliza. Zinapiga ngapi?"

"Moja."

"Ndiyo hiyo, na ndiyo uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Alikupa Mungu, Anko hakuwepo. Na haikatwi kwa bando." Akanyanyua uso. "Anko wa nani, hebu niambieni? Wajomba wa mtoto huyu ni wawili, mmoja yuko Mbegani, mmoja yuko Tanga, wote nimewalisha pilau kwenye harusi ya mama yenu. Huyu wa tatu alitoa nini? Alikuja na mkeka au alikuja na sinia?"

Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ikashuka mpaka ile wanayoisikia wari, wasichana anaowafunda.

"Kazi ya siri, mji huu hakuna wa kunizidi. Lakini kila msichana niliyemfungia mlango huu, mamaye alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe, anapepeta mchele, anajua mwanawe yuko ndani na nani. Mtu mzima anayemwambia mtoto usimwambie mama, huyo hata acheze gemu la kuswali, mtoe."

Anko alifutwa pale pale, Nasra mwenyewe akibonyeza, mimi nikimwonyesha wapi. "Akikasirika?" akauliza. "Aje anitafute," Kungwi akasema. "Chura tu ndiye ninayemwogopa."

Nilidhani sasa atavuka ukuta akamwambie Mama kwamba alikosea. Nina umri gani mimi, kudhani hivyo? Alisimama mlangoni mwa chumba cha cherehani, mikono kiunoni. "Si nilikwambia mtoto ana kitu?"

"Kitu gani, Bibi?"

"Anko."

Akaeleza yote, bila ya kugusa hata kidogo habari ya jini, wala ya nani alilala simu ikiwa wazi. Mama akaweka mkasi chini, akamvuta Nasra mapajani, akakaa naye hivyo mpaka mteja akaja, na mteja akaambiwa arudi kesho. Kisha akampigia ustadhi kuomba radhi. Ustadhi akasema alhamdulillah, akakohoa, akauliza kama huyo bibi anaweza kumsikilizia na yeye kitu ambacho wanawe wanakitazama.

Hukumu ya mwisho ilitolewa barazani: Nasra atamtazama dereva, sauti ikiwa wazi, mtu kakaa ubavuni, na ikiisha imeisha. Mtu huyo ni nani? Mikono yote ikanielekea. Hongera kwangu. Nilivuka ukuta kumtetea mtoto, nikarudi nimepoteza alasiri zangu zote.

"Na chooni?" Mama akauliza.

"Siri ya kuogofya hufa ikipigiwa kelele," Kungwi akasema. "Mtu asimame mlangoni aseme naye, kwa sauti, mtaa wote usikie." Akanitazama mimi, anatabasamu kwa meno mekundu. "Tena tunaye mwenye sauti nzuri. Haijatumika."

Kesho yake asubuhi, saa ile ambayo tungekuwa tunashuka Mlingotini na marashi yetu, Nasra alinivuta gauni. Tukatoka uani. Jua limeshatoka, majirani wanafagia, kaka zake Swaumu wanapiga mswaki juu ya ukuta, wote wako tayari kunisikia kana kwamba wamekata tiketi. Nasra akaingia, akarudisha mlango wa bati, akaacha upenyo wa kidole.

"Upo?"

"Nipo," nikanong'ona.

"Sikusikii! Upo?"

"Nipo."

Kisha sauti ndogo, inatetemeka. "Dada?"

Nikavuta pumzi. "NIPO!" nikapiga kelele, kuku wakatawanyika, ufagio ukasimama, mswaki ukadondoka upande wetu wa ukuta. "Nipo, Nasra! Nipo! Nipo!"

Nikasikia maji yakimwagwa. Na ng'ambo ya ukuta nikamsikia Kungwi akimwambia mtu, "Mnamsikia? Yule bubu wangu yule."